Kubeba Kipoyi Mpaka Kirotshe

Siku ya kuniaga walinipa kitenge, Fanta na uongo. Kitenge nimeshakishona, Fanta niliinywa palepale, lakini ule uongo umenikaa kooni mpaka leo. Titulaire, yaani mkuu wa kituo chetu cha afya, alisimama mbele ya watu akasema: "Mama Riziki iko muntu ya kizazi ya chuma. Batoto ba leo beko biskwi. Ukibachovya mu chai kidogo tu, banavunjika." Wazee wakapiga makofi. Nyinyi vijana mlioanza kazi juzi mkainamisha vichwa utafikiri mmeshikwa mkiiba mahindi. Mimi nilikuwa na mkate mdomoni. Ningekuwa nimeshameza, angenisikia. Basi ninawajibia hapa, maana sasa nina nafasi na mdomo wangu uko mtupu.

Kazi yangu ilikuwa kuzalisha. Nilianzia Walikale, kwenye kituo kidogo cha msituni upande wa barabara ya Hombo, nyumba ya mbao yenye bati lililotoboka. Mama yangu alininunulia viatu vyeupe vya kuanzia kazi, kwa sababu aliwahi kumwona muganga mmoja wa hospitali ya mjini amevaa hivyo. Tope la Walikale lilimeza kimoja kabla sijafika mlangoni. Mzalishaji mkubwa wa pale, Mama Odila, alikuwa amesimama barazani ananitazama nikichimbua tope kwa mikono. Hakunisaidia. Alicheka mpaka akashika nguzo, halafu akaniuliza: "Na kile kingine utakivaa na nani?" Nikajua nimefika kazini.

Mama Odila alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, na mkono mwepesi wa kukupiga kwenye vidole ukikosea. Vyombo vyake vilikuwa vichache: kile kipembe cha mti cha kusikilizia moyo wa mtoto, beseni la bati, mkasi, taa ya petroli, na kitambaa chake mwenyewe cha kufutia jasho. Kipembe hakumwazima mtu. Alisema sikio la mtu mwingine litakiharibu.

Kule, na hata huku kwetu Masisi, mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hatakiwi kupiga kelele. Akilia, mama mkwe atalisimulia jambo hilo kwenye kila arusi na kila matanga. Akinyamaza, wanamsifu: huyu ni mwanamke kamili, huyu ana moyo. Juma langu la kwanza walikuwepo wawili chumbani. Mmoja alikuwa anamwita Yesu na watakatifu wote kwa majina, mwingine amegeukia ukuta, kimya. Mimi nikamkimbilia yule wa kelele. Mama Odila akanivuta kwa shati. "Ule mwenye kulia, ninaweza mwacha kidogo nikunywe chai," akasema. "Ule mwenye kunyamaza, sitoke karibu yake." Na kweli, yule wa ukutani ndiye aliyekuwa na shida. Tulimwokoa kwa sababu Mama Odila alikwenda kumgeuza na kumtazama macho. Yule wa kelele alijifungua vizuri sana, na akaomba ugali.

Jambo la pili alilonifundisha Mama Odila ni la aibu kidogo, lakini mimi nimestaafu, sina tena aibu. Ni mkojo. Kila mwanamke akishazaa, kabla ya kumpongeza, kabla ya kumwonyesha mtoto, alimuuliza: "Umekojoa?" Kibofu kikijaa, kinausukuma mfuko wa uzazi, nao hauwezi kujikaza. Usipojikaza, damu haikauki. Ni hivyo tu, hakuna uchawi. Alikuwa anashika mkono wangu anaubonyeza chini ya kitovu cha mama: "Sikia. Ikiwa nguvu kama boga, tuko salama. Ikiwa laini kama unga ya kukanda, amuka!" Nimezalisha mamia ya watoto kwa ule mkono, na mpaka leo nikishika boga sokoni najisikia niko kazini.

Baadaye niliolewa na mlimaji wa maharage wa milima ya Masisi, nikahamia kituo chetu hiki cha juu. Huko ndiko nilikokutana na kipoyi. Kwa mliokulia mjini: kipoyi ni machela yetu, miti miwili mirefu ya mianzi na kitanda cha kusuka katikati. Wanaume wanne wanaiweka mabegani, wengine wanatembea kando wakingoja zamu yao. Kila nyumba ya kilima ina deni la bega. Mwanamume akikataa zamu bila sababu, analeta dumu la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nayo inanywewa mbele yake huku anatukanwa kwa upole. Njia ya kwenda hospitali ya Kirotshe inashuka bonde, inapanda, inashuka tena mpaka ziwani. Gari haijui ile njia. Moto, yaani pikipiki, inaijua siku za jua tu, na mwanamke anayetoka damu humpandishi moto.

Kipoyi ina sheria moja kuliko zote. Mgonjwa akishapandishwa, haishuki chini mpaka mlango wa hospitali. Kinachowekwa chini njiani ni maiti. Wabebaji wanabadilishana huku wanatembea, mmoja anaingiza bega, mwingine anatoa lake, na mgonjwa hasikii kitu. Ukiiweka chini na mtu hai ndani yake, umeionyesha ardhi njia. Watu wazima, wakristo wa kupokea komunyo kila jumapili, wanaliamini jambo hili kuliko katekisimu.

Mlinzi wa ile sheria alikuwa Papa Bauma, kapita, yaani msimamizi wa wabebaji. Mrefu, mkavu, bega la kulia limeinama kwa sababu ya miti aliyoibeba ujana wake wote. Mgongo ulipomshinda aliacha kubeba lakini hakuacha kusema. Kila kipoyi ikitoka, yeye nyuma na fimbo yake, anakosoa. Mnakwenda kama bata. Mnabadilishana kila dakika. Nini ile muziki mu mufuko? Siye tulikuwa tunabeba bila kukula, bila kunywa, bila kusema ata neno! Mimi nilimpenda sana Papa Bauma, na mara nyingi nilitamani kumziba mdomo kwa pamba.

Sasa tuseme ukweli kuhusu vijana, kwa maana sitaki mfikiri ninawapaka mafuta. Ndiyo, mnalalamika. Nimefanya kazi na wasichana wa shule ya uzalishaji ambao wakishinda siku moja wima wanasema "Mama, mugongo inaniuma," jambo ambalo mimi nisingelisema mbele ya Mama Odila hata kama mgongo umekatika. Mnauliza kwa nini kwa kila kitu. Mnakunywa vile vichupa vya nguvu vyenye picha ya mnyama, halafu mkono unawatetemeka. Hayo nimeyaona. Lakini wale vijana wa kilima chetu, wakitoka shambani, wanakwenda kubeba mizigo kwenye machimbo ya Rubaya. Wanatoa magunia ya mawe shimoni, wanashuka nayo mlima mzima kwa miguu, mvua inawanyeshea, kesho tena. Wengine walizaliwa porini wakati wa kukimbia vita na wamehama nyumba mara nyingi kuliko mimi nilivyobadilisha viatu. Mtu wa namna hiyo unamwita biskwi? Aka! Biskwi gani hiyo?

Ndiyo maana nataka kuwasimulia siku ya Neema.

Neema alikuwa binti wa kilima chetu, mimba yake ya kwanza. Alikuja kuzaa na mama mkwe wake, Mama Furaha, mwanamke mzuri mwenye shingo ngumu. Alizaa asubuhi, mtoto msichana, mwenye sauti. Kondo la nyuma lilitoka, nikalitazama, lilikuwa kamili. Lakini damu haikutaka kukauka. Nilimchoma sindano ya kukaza, nikakanda tumbo, ikapungua, ikarudi. Alikuwa ameshapoteza damu nyingi, midomo imekuwa myeupe. Alihitaji kuongezewa damu, na sisi damu hatuna. Nikamwambia titulaire wa wakati ule: Kirotshe, na sasa hivi. Mvua ya usiku ilikuwa imekata njia, moto hakuna. Tukapiga filimbi ya kipoyi.

Walikuja vijana, wengi wao wamerudi kutoka Rubaya kupumzika. Mbele yao alikuwa Janvier, mwenye kifua kipana na kofia ya rangi ya machungwa ambayo hakuivua hata kanisani. Mchuuzi wetu mmoja mwenye duka, mtu wa Butembo, alitoa bashi, turubai la plastiki, ya kumfunika mgonjwa. Neema alikojoa kabla ya kuondoka, nilimsimamia mwenyewe. Nikamwekea serumu, yale maji ya mshipani, kijana mmoja akaishika juu kwa kijiti. Sonde za kutolea mkojo zilikuwa zimetuishia, nikachukua beseni langu dogo. Mama Furaha akamfunga mjukuu mgongoni. Papa Bauma akachukua fimbo.

Tulikwenda vizuri. Wale vijana walikuwa wanabadilishana mara kwa mara, kama vile mzee alivyochukia, lakini kipoyi haikuyumba. Mimi nilitembea kando, mkono ndani ya bashi, juu ya tumbo la Neema. Boga. Boga. Tulivuka mto, tukaanza kile kilima cha mawe cha mwisho, kile ambacho ukifika juu unaliona ziwa. Neema akaanza kujinyonganyonga.

"Mama Riziki," akasema kwa sauti ndogo. "Munishushe."

"Uvumilie, binti," Mama Furaha akamjibu haraka kabla yangu. "Kirotshe iko pale."

Akanyamaza. Tukapanda kidogo. Halafu akapiga kelele, kelele ya kweli, mpaka mtoto mgongoni akashtuka akalia naye: "Munishushe! Nitakufa, munishushe!"

"Usipige kelele mbele ya banaume!" Mama Furaha akamkemea, na machozi yanamtoka. Alikuwa anaogopa, maskini, na hakujua namna nyingine ya kuogopa.

Nikabonyeza tumbo. Boga halikuwepo. Mkono wangu ulizama kwenye unga wa kukanda, na chini yake kuna kitu kimevimba, kimejaa. Ile serumu yote niliyompa ilikuwa imekwenda kwenye kibofu. Nikavuta mkono nje, una damu mpaka kwenye saa. Mbebaji wa nyuma alikuwa na tone la damu shingoni, alifikiri ni mvua.

"Neema, unataka kukojoa?"

"Ndiyo, Mama. Tangu ku mito. Nilikuwa napata haya."

"Simameni!" nikasema. "Shusheni kipoyi."

Wakasimama, lakini hakuna aliyeshusha. Papa Bauma alikuwa ameshapita mbele, amesimama katikati ya njia na fimbo imelala mbele yake.

"Haishuke," akasema.

"Papa Bauma, damu inamuisha. Niko na haja ya kumufikia. Pale juu sifike."

"Twende mbio. Kirotshe iko karibu. Muntu anavumilia mukojo, Mama Riziki! Ata mutoto wa masomo anavumilia."

"Akivumilia mpaka kule, atafika maiti."

"Ukimuweka chini, umemuzika weye mwenyewe." Na Mama Furaha, yeye, akapiga magoti kwenye mawe ananishika sketi: nisimweke mkwe wake chini, nisimwonyeshe ardhi, ana mtoto wa asubuhi hii.

Ninawaambia, nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Nilikuwa tayari kumvuta yule mzee fimbo yake nikamcharaza nayo. Neema alikuwa anakwenda mbele ya macho yangu, kwa ajili ya mkojo na sifa! Nikageuka kwa wale vijana nikiwa sijui nitasema nini.

Janvier ndiye aliyesema. "Papa," akasema kwa heshima kabisa, "haitagusa chini." Akawaangalia wenzake. "Tupige magoti. Pole pole. Wote mara moja."

Na wote wanne wakashuka, miti bado iko mabegani, goti moja, halafu lingine, juu ya yale mawe makali. Kipoyi ikashuka nao sawasawa mpaka usawa wa kiuno changu, ikabaki inaning'inia, haijagusa hata jani. Wakakaa hivyo, wima juu ya magoti, shingo zimevimba mishipa. Wale wengine wakashika kitenge na bashi kuzunguka, wakageuza nyuso nje. Papa Bauma akaiondoa fimbo njiani. Sheria yake ilikuwa salama.

Nikaingiza beseni. Neema hakuweza. Mnajua ninyi wanawake: mwili umejaa, lakini wanaume wako pale, aibu imefunga bomba. "Siweze, Mama. Banasikia."

Janvier akasikia, bila shaka, alikuwa hatua moja. Akaanza kuimba. Wimbo wa kanisani, kwa nguvu zote, kwa sauti mbaya mno, Mungu anisamehe. Wenzake wakaitikia, kila mmoja na sauti yake, bonde likajaa makelele. Neema akacheka. Amelala pale hana damu, akacheka! Na pamoja na kicheko beseni likaanza kulia. Lilijaa, nikamwaga, likajaa tena nusu.

Halafu nikafanya kazi. Mkono mmoja ndani, mmoja juu, nikatoa mabonge ya damu, nikakanda, nikakanda, nikachoma sindano niliyokuwa nimeiweka akiba, nikakanda tena. Sijui ilichukua muda gani. Niliwasikia wale vijana wakimaliza wimbo na kuurudia. Mmoja alikuwa analia kabisa kwa maumivu, anasema waziwazi, "Goti yangu, mama yangu wee, goti yangu," na hakusogea hata kidogo. Mwenzake akamwambia, "Lia tu, kaka, lakini ubebe." Akalia, akabeba. Mpaka nikasikia boga limerudi chini ya mkono wangu, gumu, na damu imekuwa uzi mwembamba, halafu matone.

"Simameni," nikasema.

Kuinuka kulikuwa kubaya kuliko kushuka. Jaribuni siku moja kuinuka toka magotini na mtu mzima begani, bila kumtikisa. Waliinuka. Hawakubadilishana mpaka tulipoliona ziwa, kwa sababu hakuna aliyetaka kumpa mwenzake mti uliolowa damu.

Kirotshe walimpokea Neema mlangoni, wakamkimbiza ndani. Tukangoja uani. Mama Furaha hakukaa, alizunguka na mjukuu mgongoni, anasali rozari bila kuwa nayo. Baadaye daktari akatoka, akasema damu imepatikana, anaongezewa, ameamka na anamwita mtoto wake. Mama Furaha akanikumbatia akanilowesha bega lote. Kisha akaenda kwa vijana akamshika kila mmoja kichwa kwa mikono miwili.

Janvier alikuwa amekaa kwenye ngazi, suruali imepasuka, magoti mawili yamechunika mpaka nyama inaonekana. Nilikwenda kutafuta kompresi za kufungia vidonda. Niliporudi, nilimkuta Papa Bauma amechota maji ya bomba kwenye beseni, ameweka fimbo chini, amechuchumaa mbele ya yule kijana. Kwetu mzee hamnawishi kijana. Janvier alikuwa anavuta miguu: "Papa, hapana, acha, nitanawa miye mwenyewe."

"Nyamaza," mzee akasema. Akamsafisha goti, mchanga mmoja mmoja, anapuliza. Kisha akaanza kusema, hamwangalii mtu.

"Mama Sifa njo alikuwa anasema vile. Bibi yangu wa ndoa. Kwa ile njia. 'Nishushe, Bauma, nishushe.' Nikamwambia uvumilie. Nilimubeba bila kubadilisha bega, bila kusimama. Tulifika hapa, alishakufa." Akachota maji tena. "Kilima yote banasifu ile bega mpaka leo."

Janvier akavua ile kofia yake.

"Alikuwa anataka nini, Papa?"

Mzee akamwaga maji polepole juu ya lile goti.

"Sikumuuliza," akasema.